Wimbo Uliokuwa Ukimwita Mume Wangu

Ukipigwa wimbo ule harusini, mie hunyanyuka nikatoka nje. Watu hudhani nina maringo. Mawifi zangu walishasema wee mpaka wakachoka, kwamba bibi huyu kazeeka na kiburi chake, muziki ukikolea tu anajitia kwenda msalani. Na kweli njia ya msalani ndiyo niishikayo, ila kufika sifiki. Gitaa la mwanzo likigonga, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mikono yangu inakuwa ya baridi na macho yanautafuta mlango. Ukumbi mzima unashangilia, vijana waliozaliwa juzi wanaimba neno kwa neno, na mie nimejibanza ukutani huko nje nangoja uishe.

Mwimbaji simtaji. Mnamjua. Kila mwanamuziki mkubwa ana wimbo wake mmoja, hata atoe nyimbo za kujaza kabati, ule mmoja ndio watu watakaomdai mpaka anaingia kaburini. Huyu naye aliimba nyingi, nyingine nzuri kuliko ule, lakini mtaje popote uone, mtu atakujibu kwa kuanza kuuimba. Ni wimbo wa mwanamume aliyechelewa kurudi nyumbani, amesimama mlangoni anabembeleza afunguliwe. Katikati vyombo vinanyamaza, anabaki peke yake, anapiga ukelele mrefu wa kukukata maini. Wengi wamejaribu kuuiga ukelele ule na wote wamechekesha.

Sisi wa bondeni tulikuwa na kazi nyingine ya nyimbo za watu wakubwa. Hatukuzitumia kuchezea tu. Zilitulinda.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Kwetu Ruaruke, nikachukuliwa na wakwe zangu wa upande wa Nyamwage, watu waliotoka vilimani wakashuka kufuata barabara na mpunga. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, lakini msimu wa mpunga ukifika hakuna aliyebaki nyumbani ila wagonjwa na kuku. Wote tulihamia bondeni, kila mtu na mke wake na dungu lake. Dungu ni kibanda juu ya nguzo ndefu. Mnalala humo, mnapika humo juu ya jiko la udongo, mchana mnaamia ndege wasile mpunga, jioni mnafukuza nguruwe. Unapiga kelele kutwa mpaka sauti inakuwa ya kiume.

Madungu yetu yalikuwa mbalimbali, kati yake mpunga, manyasi na kijito. La kwetu lilikuwa la mwisho, mwituni kabisa. Ng'ambo ya kijito alikaa mama mkwe, na mbele yake mjomba wa mume wangu, mzee mwenye mdomo. Jua likizama, watu wakishaswali magharibi, kila dungu lilitoa wimbo wake. Mama mkwe alikuwa na wimbo wa taarabu wa bibi mmoja wa zamani, na alivyouimba kwa pua ungeapa bibi mwenyewe kaja kulima Rufiji. Mjomba alikuwa na wa mpiga gitaa wa enzi za ujana wake. Hukuruhusiwa kuugusa wimbo wa mwenzio, hata kwa mbinja. Wimbo ukisikika, basi dungu lina mtu na mtu huyo ni mzima. Dungu likinyamaza, la jirani linagonga debe, madebe yanaitikiana, na wanaume wanatoka na mienge.

Na aliye njiani alikuwa na sheria yake. Ukisikia wimbo wa kwenu, njia ni salama, njoo. Usipousikia, au ukikatika ghafla, usisogee. Panda mti ulio karibu nawe ukae huko mpaka madebe yalie na watu waje.

Yote hayo ni kwa sababu ya Mnyama. Jina lake tukiwa bondeni hatulitaji, na hata leo mie sitalitaja, mkitaka kunicheka nichekeni. Ni yule anayenguruma ukahisi kifua chako ndicho kinachotetemeka. Mwaka ule alikuwa amekwisha kuchukua watu katika vijiji vya jirani, na mwanamke mmoja alimchukulia mlangoni pake, anamwaga maji ya kuoshea vyombo.

Sasa, ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Vitu vilivyokuwa vinasikika kwa wakubwa tu vikaanza kuonekana kwa watu kama sisi: mitumba, sabuni za kunukia, saa za kung'aa. Mume wangu akauza mpunga, na badala ya kununua bati kama tulivyokubaliana, akaja na redio kaseti. Kubwa, nyeusi, ina spika mbili. Nilinuna. Nilimpikia wali bila mboga, nikamwambia mboga yake ni redio. Akacheka, akala wali mtupu huku redio iko magotini.

Na huyo mwanamume alivyoupenda wimbo ule! Dukani Kibiti walikuwa wanakurekodia kaseti ya nyimbo unazotaka. Watu wenye akili walitaka nyimbo mchanganyiko. Yeye akataka wimbo ule mmoja, ujaze kaseti yote, upande huu na upande huu, ukiisha uanze tena. Mrekodi alimtazama akadhani mgonjwa.

Basi wimbo wa dungu letu ukawa huo, lakini si kwa kinywa changu tena. Jioni nilibonyeza redio, sauti ya mwimbaji mwenyewe na bendi yake ikavuka kijito. Mama mkwe hakupenda.

"Mkaza mwanangu," aliniambia, "na redio nayo imekuwa mtu?"

"Mama, lakini anayeibonyeza si mtu?"

Mjomba naye akasema almradi wimbo umetoka, hakuna haja ya kupasua koo. Tukakubaliana hivyo, watu wazima na akili zetu. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku redio ikiimba na mwenye kuibonyeza ameshindwa kuizima.

Mume wangu aliitundika kwenye msumari, kwenye nguzo iliyo kando ya ngazi, chini ya sakafu ya dungu, kwa sababu juu kulikuwa na moshi wa jiko na yeye redio yake aliitunza kuliko mboni. Kuibonyeza ilinibidi nishuke vidato viwili vitatu. Kila jioni nilibonyeza, nikasimama pale pale kwenye ngazi, nikaimba pamoja na mwimbaji. Tukifika kwenye ukelele, naupiga na mie kwa nguvu zangu zote, mama mkwe anacheka huko ng'ambo, halafu wimbo ukiisha nazima na kupanda. Betri zilikuwa ghali, wimbo mara moja tu ulitosha.

Siku yenyewe mume wangu alikuwa amekwenda Kibiti kuuza mikeka ya mama yake. Aliondoka alfajiri, akatia betri mpya kwenye redio kabla ya kuondoka, akaniambia pantoni isipoharibika magharibi atakuwa njiani, nisimsahaulie wimbo wake. Nikamwambia nenda zako na wimbo wako.

Jua lilipozama nikaswali, nikashuka vidato, nikabonyeza. Gitaa likaanza. Nilikuwa nimeshika nguzo, nimegeuza uso kuelekea njia aliyokuwa aje nayo, nikaona kama kuna gunia nyuma ya kinu changu. Nikajiuliza nani kaweka gunia pale. Gunia likainua kichwa.

Sijui nilipandaje. Najua goti langu lilichubuka na kovu lipo. Nilipojitambua nilikuwa nimekaa katikati ya dungu, nimekumbatia mto, na chini redio inaimba. Nilisahau kuizima. Nasema nilisahau, lakini ningekumbuka ningefanya nini? Mnyama alikwisha kutoka nyuma ya kinu, akaja polepole kama mtu anayekagua kiwanja, akajilaza chini ya ngazi.

Ngazi tulikuwa tunaivuta juu kila jioni, mume wangu akishaifungua. Yeye ndiye aliyeifunga nguzoni kwa kamba, ili isiyumbe nikipanda, na fundo lake lilikuwa la mwanamume, la kukaza kwa miguu. Nilichomoa kisu cha jikoni nikaanza kuikata kamba ile. Kisu kikateleza kikapita kwenye upenyo wa sakafu kikaanguka. Nikakisikia kinatua. Mnyama hakushtuka hata kidogo.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele Mungu anajua. "Mama! Mama nakufa! Njooni!" Na wakati huo huo, chini yangu, bendi ikanyamaza na mwimbaji akapiga ukelele wake. Sauti yetu ilitoka pamoja, yangu na yake, kama ilivyokuwa ikitoka kila jioni.

Ng'ambo ya kijito mama mkwe akanijibu kwa kigelegele.

Jamani! Kigelegele! Mpaka leo nakisikia. Kisha akaanza wimbo wake wa taarabu, kwa utulivu, kwa pua, akamaliza, mjomba akapokea na wa gitaa. Madungu yote yakawa yamejibu. Bonde zima likajua kwamba mie ni mzima.

Wimbo ukaisha, ukaanza upya. Nikapiga kelele tena, wakazidi kushangilia. Baadaye mama mkwe alinieleza alichofikiri. Alidhani leo naurudia wimbo kwa kuwa mume wangu yuko safarini, nina hamu naye, namwita. Alifurahi, masikini. Alimwambia mjomba kwa sauti kwamba watoto hawa wanapendana.

Nilitupa kijinga cha moto. Kikamwangukia karibu na mguu, akakisogelea akakinusa, kikazimika kwenye tope. Nikatupa sufuria, ikampiga mgongoni. Hapo ndipo aliponyanyuka, akanitazama, akaweka mikono yake yote miwili kwenye kidato cha pili. Ngazi ikalia. Nikaona meno, nikasikia harufu yake, harufu ya nyama iliyolala. Nikaacha kutupa vitu. Nilikaa kimya nimeuma kanga yangu, mkojo umenitoka, nasoma kila sura ninayoijua na nyingine nazichanganya. Akashusha mikono, akalala tena.

Debe langu nalo lilikuwa chini, limejaa maji ya kuoga ya mume wangu.

Mume wangu. Nilikuwa nimeshughulika na roho yangu mpaka hapo, sikuwa nimemfikiria. Ndipo wazo liliponijia. Yuko njiani. Anausikia wimbo. Wimbo unamwambia njia ni salama, mkeo mzima, njoo. Na yeye akiusikia hutembea haraka, najua, alinieleza mwenyewe kwamba akiusikia kutoka mbali huhisi amekwisha kufika. Kila ulipoanza upya ilikuwa kama mie mwenyewe nimekaa juu ya dungu namwita kwa mkono, njoo mume wangu, njoo uliwe.

Nikaziomba betri zife. Niliziomba kwa Mungu, wallahi. Mpya, alizozitia mwenyewe asubuhi.

Kisha Mnyama akasimamisha masikio. Hakutazama juu tena. Alitazama njia. Mie sikusikia kitu, redio ilikuwa imeziba kila kitu, lakini yeye alisikia. Akainuka, akatoka chini ya ngazi, akapita kinu, akajilaza kwenye mpunga kando ya njia, tumbo chini, kichwa chini. Mpunga ukamfunika. Ungekuwa hukumwona akiingia usingejua kuna kitu.

Nitasema ukweli, sikuwa na ushujaa. Watu wakisimulia mambo haya hujipamba. Mie nilikuwa nalia. Nilijiambia sishuki, sishuki, huku mguu wangu umekwisha kugusa kidato cha kwanza. Uso wangu ulikuwa umeelekea ngazini, mgongo wote nimempa yeye, na mgongo ule niliuhisi kila kipande. Mkono ukapapasa redio, ukakosa kitufe, ukapandisha sauti badala ya kuizima. Mwimbaji akanipigia kelele sikioni. Nikapapasa tena. Nikabonyeza.

Kitufe kikalia, ta, wimbo ukakatika katikati! Bonde likanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata vyura waliacha. Nyuma yangu nikasikia mchakacho wa mpunga, na sikugeuka kuangalia Mnyama anakuja kwangu au anakwenda kwa mume wangu. Nilipanda, nikajitupa ndani, nikavuta miguu, nikangoja ngazi ilie. Haikulia.

Ng'ambo, mama mkwe akaita mara moja tu, "Mkaza mwanangu?" Nilifungua kinywa kumjibu, sauti haikutoka. Ilikuwa imekatika kabisa, pumzi tupu. Basi debe lake likaanza. La mjomba likaitikia, na la mbele yake, na la mbele zaidi, bonde zima likawa madebe. Mie nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu, upande wa njia, kama kutatoka mlio wa mume wangu. Nilijua milio ya watu waliochukuliwa inavyosimuliwa. Nilingoja kuusikia ule nikiwa nimejiziba masikio, na nikiyaziba nayazibua.

Wanaume wakaja na mienge na mapanga, mjomba mbele. Wakazunguka dungu, wakaona alama za kucha kwenye ngazi. Mjomba akapanda akanikuta.

"Umeumia?"

Nikatikisa kichwa.

"Mumeo yuko wapi?"

Nikaonyesha njia. Wakatazamana. Mjomba akavua kofia yake akaivaa tena, na hapo nikaanza kulia kwa ile pumzi tupu, kwa sababu nilimwona amekwisha kumzika.

Mara ikatoka sauti huko gizani, nyembamba, ya aibu. "Niko huku. Juu ya mkuyu."

Kicheko kilichopigwa! Watu waliogopa sana, na walioogopa wakicheka hawajui kuacha. Walimshusha na mienge, yeye na furushi lake la mikeka ambayo haikuuzika. Mjomba, mdomo wake haujui kupumzika, akasema haya, mkewe yuko mdomoni mwa Mnyama, bwana yeye ametafuta tawi zuri la kupunga upepo. Mwingine akasema mwimbaji anabembeleza mlangoni na huyu anabembeleza mti. Wakaupiga mbinja wimbo ule njia nzima mpaka kwa mama mkwe, tulikopelekwa kulala. Mume wangu hakunitazama. Nilitaka kumwambia kwamba wimbo niliukata mie, sauti sina. Nilimshika kanzu, akajitoa taratibu akaenda kukaa na wanaume.

Asubuhi tulirudi kuchukua vyombo vyetu, mie na yeye na panga. Alitangulia. Sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi, ya kukwaruza, lakini sikujua nianzie wapi na mtu aliyenigeuzia mgongo. Karibu na dungu akasimama ghafla, nusura nimgonge.

Udongo wa njia ulikuwa laini. Nyayo zake za jana zilikuwa pale, za katambuga zake za mpira wa gari, zimenyooka, hatua ndefu za mtu mwenye haraka. Halafu zilikuwa zimesimama, zote mbili sambamba, visigino vimezama. Kutoka hapo ziligeuka mbio kuelekea mkuyu. Na mbele ya pale aliposimama, si mbali, mie mwenyewe ningeparukia, mpunga ulikuwa umelala chini umbo la mwili mzima, na kucha za Mnyama zimechimba ukingoni mwa njia.

Alitazama pale muda mrefu. Kisha akatazama dungu, na redio msumarini.

"Betri zilikwisha?" akauliza.

"Hazikwisha."

"Ulishuka?"

"Nilishuka."

Akakaa chini, pale pale njiani, kwenye tope, na nguo zake za safari. Alishika kichwa. Nilidhani ni kwa kuona alivyoponea, kumbe silo.

"Sikiliza," akasema. "Wimbo ulipokatika nilijua umekufa. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilikuwa juu ya mti najua mke wangu analiwa, na sikushuka."

Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika uso kwa mikono miwili ili anitazame.

"Alhamdulillahi," nikamwambia.